Namna ya Kusoma Majalada ya Ugomvi wa Gavana na Jenerali: Wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Afrika Mashariki

Anayefungua kwa mara ya kwanza jalada la barua za Nairobi za mwaka 1917 kuhusu wapagazi wa vita hushangazwa na adabu iliyomo. Jenerali anaomba, gavana anasikitika. Jenerali anakumbusha ombi lake kwa heshima zote, gavana anaeleza ugumu uliopo wilayani. Na kila barua inamalizika kwa mwandishi kujiita mtumishi mtiifu wa mwenzake. Kumbe walikuwa wakigombania vijana wa Nyanza, Ukambani, Ugikuyuni na Pwani, nani awachukue, kwa idadi gani, kwa mshahara wa nani na kwa muda gani. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu au mtu anayetafuta habari za babu yake, ambaye anataka kuyasoma majalada hayo na kuelewa kilichokuwa kikitendeka nyuma ya lugha ile ya kiofisi.

Jua kwanza nani alikuwa chini ya nani

Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika gavana na mabwana zake, upande wa pili andika jenerali na mabwana zake, na usisome barua hata moja kabla hujaijaza.

Kwa Waingereza itakuwa hivi. Sir Henry Belfield, gavana wa nchi ambayo leo ni Kenya kuanzia 1912 hadi 1917, aliwajibika kwa Wizara ya Makoloni mjini London. Kamanda wa majeshi, tangu Novemba 1914 baada ya Waingereza kushindwa vibaya Tanga, aliwajibika kwa Wizara ya Vita. Hapakuwa na mtu yeyote Afrika Mashariki aliyeweza kuwaamuru wote wawili, kwa hiyo kila waliposhindwa kuelewana shauri lilipelekwa London kwa simu ya maandishi, likarudi baada ya siku au majuma. Sheria ya mwaka 1915, iliyoruhusu wapagazi waandikishwe kwa nguvu, ilitungwa na serikali ya gavana, si na jeshi. Walioitekeleza walikuwa wakuu wa wilaya, wale ambao wazee wetu waliwaita Bwana Shauri, pamoja na machifu na matarishi wao, na wote hao walikula mshahara wa gavana. Jenerali alikuwa na mizinga, lakini hakuwa na chifu hata mmoja.

Kwa Wajerumani karatasi yako itakuwa tofauti, na ndiyo sababu inafaa kusoma pande zote mbili kwa pamoja. Gavana Heinrich Schnee alikuwa kisheria mkuu wa koloni zima, jeshi likiwemo, na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Januari 1914 kushika uongozi wa jeshi, alikuwa chini yake. Schnee alitaka koloni libaki nje ya vita, akitegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliofungua mlango wa kutangaza nchi za bonde la Kongo kuwa hazina upande. Na manowari ya Kiingereza Astraea ilipoupiga mizinga mji wa Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, yakafanywa mapatano ya kuiacha miji ya pwani bila ulinzi. Lettow-Vorbeck aliyaona mapatano hayo kuwa sawa na kukabidhi nchi. Mwanzoni mwa Novemba akapigana Tanga akashinda, na tangu siku hiyo gavana alibaki na sheria mkononi ilhali kamanda alikuwa na ushindi. Schnee alifuatana na msafara wa jeshi miaka ile yote, akilalamika njiani, hadi walipoweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Ugomvi ulikuwa wa namna moja, ila kwa Waingereza gavana aliweza kumchelewesha jenerali, na kwa Wajerumani hakuweza.

Panga barua kwa tarehe za mapigano

Barua nyingi za kudai watu zinaonekana kama zimetoka hewani hadi uziweke kando ya kalenda ya vita. Makamanda wa Kiingereza walibadilika haraka: Tighe mwaka 1915, Smuts kuanzia Februari 1916, Hoskins kuanzia Januari 1917, van Deventer kuanzia Mei mwaka huo huo. Kila aliyeingia alirithi mpango wa aliyemtangulia pamoja na upungufu wake wa watu. Smuts alisonga mbele upesi mwaka 1916, kutoka Kilimanjaro hadi Reli ya Kati na kupita, na mbung'o wakaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari kiasi kwamba kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mwanzoni mwa 1917 jeshi lilikuwa limekwama upande wa Rufiji, mvua zikanyesha kupita kiasi, na Hoskins akaomba wapagazi 160,000. Ukiisoma tarakimu hiyo peke yake utadhani jenerali amerukwa na akili. Ukiisoma kando ya ramani ya mafuriko ya Rufiji utamwelewa, hata kama humsamehi.

Fanya mwenyewe hesabu ya mzigo

Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo inayofungua jalada zima. Mzigo wa mpagazi wa jeshi ulikuwa kama ratili 50, yaani karibu kilo 23. Tuchukulie anakula kilo moja ya unga kwa siku, na mzigo alioubeba ni unga huo huo. Akitembea siku 10 kufika kwa askari walio mbele na siku 10 kurudi, amekwisha kula kilo 20 za mzigo wake, na askari anayepelekewa unga anapokea kilo 3. Askari mmoja anahitaji kilo 20 kwa siku hizo 20. Kwa hiyo unahitaji karibu wapagazi 7 njiani muda wote ili askari mmoja apate unga, kabla hujahesabu risasi, mahema, dawa, na machela za majeruhi.

Hesabu hii ni ya kuonyesha tu, kwa sababu vituo vya posho, reli na magari vilipunguza mwendo wa miguu pale vilipofika. Lakini ongeza siku moja tu ya njia uone tarakimu inavyoruka: kwa siku 11 za kwenda na 11 za kurudi, anayefika mbele anakabidhi kilo moja. Hapo utaelewa ni kwa nini makamanda hawakutosheka kamwe, na ni kwa nini gavana aliyepeleka watu 10,000 mwezi huu aliombwa wengine 10,000 mwezi ujao bila mstari wa mbele kuongezeka askari hata mmoja. Utaelewa pia kilichotokea posho ilipopunguzwa. Watu wa nchi za juu, waliozoea viazi, ndizi, maharage na wimbi, walipewa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukusagwa vizuri wala haukupata kuni na muda wa kuiva, na kuhara damu kukawaua wengi zaidi ya risasi.

Basi kila ukikuta ombi la watu, andika pembeni mambo matatu: umbali kutoka mwisho wa reli hadi mstari wa mbele, mwezi wa mvua au kiangazi, na posho iliyoahidiwa. Mara nyingi ugomvi wa barua tano unaelezwa na mstari mmoja wa hesabu hiyo.

Fuata rupia

Mwanzoni mwa vita wapagazi walilipwa rupia 10 au zaidi kwa mwezi. Baadaye mshahara ulishushwa hadi rupia 5, ukipanda kidogo kwa aliyemaliza miezi ya mwanzo. Katika kipindi hicho hicho kodi ya nyumba ilipandishwa kutoka rupia 3 hadi 5. Weka tarakimu hizo mbili pamoja: mwezi mmoja wa kubeba mzigo porini ulitosha kulipia nyumba moja, na mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili.

Ni nani aliyetaka mshahara ushushwe? Usikimbilie kumtaja jenerali, maana yeye alitaka watu, na bei ya juu ingemletea wa hiari. Shinikizo kubwa lilitoka kwa walowezi, ambao mashambani mwao kijana alilipwa rupia chache kama hizo, na ambao hawakupenda jeshi liwazidi bei. Gavana alikuwa akiwasikiliza kila siku. Mwaka 1915 Belfield alisema waziwazi katika baraza la kutunga sheria kwamba koloni lake halikuwa na maslahi katika vita hivi isipokuwa kwa sababu ya bahati mbaya ya kupakana na nchi ya Wajerumani; walowezi wakamkasirikia kwa kukosa uzalendo, wakafanya mkutano mkubwa Nairobi mwezi Septemba kudai watu wote waingizwe vitani kwa lazima. Walichokidai kwa sauti kubwa kilikuwa lazima kwa Waafrika na Wazungu pia. Walichokilinda kimyakimya kilikuwa vibarua wao.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza. Wakikuta gavana anamjibu jenerali kwamba wilaya fulani imechoka na haiwezi kutoa watu zaidi, humwona gavana kama mtetezi wa raia. Pengine aliyeandika taarifa ya wilaya alimaanisha hivyo hasa, kwani wapo wakuu wa wilaya walioona makaburi na wakasema. Lakini neno hilo hilo, likishafika mezani kwa gavana, lilibeba pia hofu ya kodi kutokusanywa, mashamba ya mkonge na kahawa kukosa wafanyakazi, na reli kukosa mizigo. Kinachonifanya nisiwe mwepesi wa kumsifu ni hiki: aliyekuwa kibarua katika shamba la Mzungu kwa kawaida hakuguswa na waandikishaji, na kwa hiyo vijana wengi walikimbilia mashambani, wakakubali mshahara wowote, ili wasipelekwe Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi (kwa Kiingereza Carrier Corps). Kwao ugomvi wa mabwana wawili ulikuwa uchaguzi wa kumtumikia bwana huyu au yule. Ukikuta barua ya kulalamikia wilaya iliyochoka, tafuta katika jalada la mwaka huo huo idadi ya vibarua waliotoka wilaya hiyo kwenda mashambani. Malalamiko na idadi hiyo vikipanda pamoja, umepata jambo la kuandika.

Mtafute mtu wa katikati

Barua za gavana na jenerali zinapendeza kusoma, lakini kazi ilifanywa na watu waliosimama kati yao, na majina yao ndiyo ya kufuatilia. Wa kwanza ni Oscar Watkins, mtumishi wa utawala wa kiraia aliyepewa kazi ya kuunda kikosi cha wapagazi tangu Agosti 1914 na akavaa sare ya jeshi. Alikijua Kiswahili, aliwajua watu, na maofisa wa jeshi waliona anawadekeza wapagazi wake ilhali maofisa wa utawala waliona amekwisha kuwa mwanajeshi. Taarifa yake ndefu ya baada ya vita, inayoanzia 4 Agosti 1914 na kuishia Septemba 1919, isome kama ushahidi wa mtu anayejitetea mbele ya pande mbili kwa wakati mmoja.

Wa pili ni John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, mzoefu kuliko wote. London ilipoamua kwamba ombi la Hoskins lazima lijaribiwe, Ainsworth aliteuliwa Machi 1917 kuwa kamishna wa kijeshi wa kazi akiwa na cheo cha kanali. Angalia ufundi wa uteuzi huo: mtu wa gavana amevishwa nyota za jenerali, ili amri ya jeshi ipite katika mkono ambao machifu wameuzoea. Kila wilaya ikapangiwa idadi, machifu wakaamriwa waitimize, na katika majuma machache watu wengi walichukuliwa kuliko wakati wowote mwingine wa vita. Ainsworth alidai pia uchunguzi wa daktari, blanketi na chakula bora, na wengi walioletwa walirudishwa nyumbani kwa udhaifu wa mwili, jambo ambalo lenyewe lilikuwa taarifa ya hali ya vijiji. Kufikia Agosti 1917 Charles Bowring, aliyekaimu ugavana baada ya Belfield kuondoka, alifaulu kuifunga operesheni hiyo. Jenerali van Deventer hakufurahi.

Chini yao yupo chifu, na chini ya chifu yupo tarishi wake anayegonga mlango usiku. Hao hawakuandika barua. Ndiyo maana jalada halitoshi.

Waulize wazee, lakini uulize vizuri

Waliobeba mizigo hawapo tena. Waliopo ni wajukuu na vitukuu. Usianze kwa kuuliza, "Babu alipigana vita gani?" kwa kuwa wengi watakuambia hakupigana, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza alichukuliwa wapi: sokoni, kwenye mkutano wa chifu, au usiku nyumbani? Uliza alikula nini huko, alirudi na nini, ni nani kijijini hakuchukuliwa, na kwa nini. Swali hili la mwisho huibua mambo yaliyofichika, kwani mara nyingi aliyepona alikuwa mtoto wa mtu fulani, na aliyepelekwa alikuwa yatima, mgeni, au mtu mwenye kesi na chifu. Gavana na jenerali walibishana juu ya idadi. Majina yalichaguliwa barazani kwa chifu.

Sikiliza pia maneno yaliyobaki. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, ambako nchi ilikamuliwa vibaya kwa kazi hiyo hiyo, wapagazi waliitwa tengatenga. Wagogo wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyofuata baada ya majeshi ya pande zote mbili kupita Ugogo wakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume.

Tahadhari kuhusu tarakimu na mahali pa kutafuta

Utakutana na tarakimu zinazopishana sana. Kwa Kenya pekee hutajwa wapagazi kati ya 150,000 na 200,000, na kwa upande wa Waingereza Afrika Mashariki yote kiasi cha milioni moja. Kabla ya kujumlisha, uliza kama kinachohesabiwa ni watu au mikataba, kwani aliyemaliza muda wake akakamatwa tena aliandikwa mara mbili. Vifo vilivyorekodiwa vinapita 40,000, lakini waliohesabiwa ni wale waliofia kazini. Aliyeachiliwa akiwa mgonjwa akafia njiani au kitandani kwa mama yake aliandikwa kuwa amemaliza mkataba. Jeshi lilikuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo, na gavana pia, kwa kuwa kila kifo kilichothibitishwa kilikuwa na mshahara wa kudaiwa.

Majalada ya makao makuu ya serikali Nairobi yaliungua kwa wingi katika moto wa 1939, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta pengo katika Nyaraka za Taifa za Kenya. Badala yake omba taarifa za mwaka za wilaya na vitabu vya kumbukumbu vya wakuu wa wilaya, ambavyo vilikuwa na nakala kwingine. Barua za gavana kwenda London zimo katika mfululizo wa CO 533 (Wizara ya Makoloni) huko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, shajara za vikosi zimo humo humo katika WO 95 (Wizara ya Vita), na za upande wa Schnee zimo katika mfululizo wa R 1001 wa nyaraka za Ujerumani, Berlin. Ukiweza kupata barua moja katika mifululizo miwili, linganisha maoni yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu na makarani wa wizara, kwani huko watu waliandika wanachofikiri.

Usilifunge jalada Novemba 1918. Edward Northey, jenerali aliyeongoza majeshi ya upande wa Nyasaland, yaliyotegemea tengatenga, aliteuliwa kuwa gavana wa nchi ambayo punde ingeitwa Kenya, akaanza kazi 1919. Mwezi Oktoba mwaka huo ofisi yake ilitoa waraka wa kuwataka wakuu wa wilaya na machifu wahimize watu waende kufanya kazi mashambani, na Ainsworth, sasa kamishna mkuu wa mambo ya Waafrika, ndiye aliyetia sahihi. Sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915 ikasubiri vita viishe, ikaanza kutekelezwa wakati huo huo, na mwanamume mzima akavishwa shingoni kopo la bati lenye jina lake na alama za vidole. Kazi ya kuorodhesha wanaume wilaya kwa wilaya, iliyofanywa kwa ajili ya jenerali, ilikuwa imemfundisha gavana kuhesabu.

Baada ya hapo tafuta jalada la mishahara isiyochukuliwa. Fedha za waliokufa na wasiopatikana zilikuwa zikidaiwa hata katika miaka ya 1930, Nairobi ikiiandikia London na London ikijibu kwamba hesabu zimekwisha fungwa. Ukiwa na jina la babu yako, jina la chifu wake na mwaka aliochukuliwa, anza kulitafuta humo, katika orodha za wilaya yake.